Ubao wa Kupimia Watoto Si Jeneza

Kamwene, wanyalukolo. Asanteni. Huko nyuma mnanisikia? Mliosimama mlangoni njooni mbele, viti vipo, leo sichangishi.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na mada ndefu kama barabara ya Makete: tafiti mpya za afya ya mtoto, na kwa nini mtoto wa mkoa huu hafanani kiafya na wa mkoa ule. Wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi. Nitaishia kwenye huu ubao. Nimepanda nao Coaster kutoka Mafinga na konda amenitoza nauli ya mzigo.

Siku 1,000 za mwanzo, toka mimba hadi miaka miwili, mmeshaimbiwa vya kutosha, sizirudii. Namba tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta Iringa watoto 42 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Wa 2022 ukakuta 57. Nchi nzima, kipindi hichohicho, imeshuka kutoka 34 hadi 30. Wenzetu wanateremka, sisi tunapandisha kama lori kwenye mlima wa Kitonga. Njombe na Rukwa ni nusu ya watoto. Na hapo ndipo nchi inapokuja kununua mahindi.

Nikizisema hizi namba, hakikosi mzee wa kunyanyua mkono. "Mama, sisi kwetu ni wafupi. Babu mfupi, baba mfupi, mtoto atoe wapi urefu?" Naona kule wanacheka, kumbe wapo hata humu. Basi tulimalize leo. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto zaidi ya 8,000 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, wanaokula vizuri, ambao mama zao hawavuti sigara. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo wakakua karibu sawasawa katika miaka yao mitano ya mwanzo. Mnorwe na Mghana, jamani! Kutokana na hao ndipo ikachorwa mistari ya ukuaji tunayoitumia tangu 2006. Mstari wa udumavu umewekwa chini sana, kiasi kwamba katika watoto 100 wenye afya huangukia chini yake wawili, labda watatu. Hao ndio wafupi wa ukoo, nawakubali, nawapa na chai. Sasa toa watatu kwenye 57. Hao 54 waliobaki ni ukoo wa nani?

Sasa niwaambie ya Kilolo. Wengine mmeisikia, vumilieni.

Nilikuwa bado kazini. Tumefika kijiji kimoja siku ya kliniki, akina mama wamejaa chini ya mti, mizani imening'inizwa tawini, watoto wanalia kwenye zile suruali za kupimia. Kila mtoto anapimwa uzito, nesi anaweka nukta kwenye kadi, nukta iko kijani, mama anafurahi, anaondoka. Mtoto mmoja wa kiume, anakaribia miaka miwili, mashavu hayo, kilo kumi na kitu. Kijani safi! Bibi yake anamrusha juu, "Angalieni bonge langu!" Mimi nikatandika ubao chini, maana mtoto wa chini ya miaka miwili tunampima amelala. Mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kile kibao cha miguuni. Nikasema, mama, mlaze mtoto hapa.

Kimya. Hata mizani iliacha kulia. Yule bibi akamchukua mjukuu, akamfunga mgongoni kwa khanga mbili. Akaniuliza taratibu, kwa adabu zote, "Mwanangu, unampimia jeneza?"

Nikautazama ubao wangu. Mrefu, una kichwa, una miguu, mtoto analazwa chali na watu wawili wameinama. Kweli kabisa, ni fundi wa majeneza. Miaka yote niliyosoma hakuna mwalimu aliyeniambia kitu hicho. Na vijana wa mjini mnaocheka, nyie mkipimwa mmelala na watu wameinama juu yenu mtatulia?

Siku hiyo sikumpima mtoto hata mmoja. Mwezi uliofuata nikarudi na nikaanza na mwenyekiti wa kitongoji. Nikausimamisha ubao ukutani, nikamvua kofia na viatu. Alikuwa amejaza magazeti kwenye viatu, na hilo nalo kijiji kikajua. Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Baada ya hapo bibi akaja mwenyewe, akamlaza bonge lake.

Sentimita 78. Mtoto wa kiume wa miaka miwili anatakiwa awe kwenye 87 hivi, na akiwa chini ya 81 tunasema amedumaa. Kadi ya uzito ilikuwa haijamsingizia; mwili wake ulikuwa na uzito unaolingana na ule ufupi. Ndiyo maana alionekana bonge. Mtoto wa ugali na uji wa sembe ananenepa, mifupa inasubiri. Ukondefu mama anauona kwa macho, udumavu hauonekani, kwa sababu amezungukwa na watoto wafupi wenzake. Bibi alilinganisha na nani? Na wa jirani, naye amedumaa.

Na yule nesi, msimlaumu. Yuko peke yake, ana akina mama sabini, chanjo na daftari la kuandika. Ubao unataka watu wawili. Katika zahanati nilizofanya kazi, ubao ulikuwepo, umeegemezwa stoo nyuma ya maboksi. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Madiwani mliopo hapa, sitawauliza zimetoka ngapi. Nitauliza ubao uko wapi.

Naona mtu ananyanyua kalamu. "Kupima kunashibisha?" Hakushibishi. Ila mimi sijawahi kuona mzazi akibadilisha sufuria kwa ajili ya ugonjwa ambao kadi inamwambia mtoto hana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio sasa.

Vyoo. Zimbabwe waligawa wajawazito 5,280 wa vijijini katika makundi: wengine wakajengewa vyoo na kupewa sehemu za kunawia, wengine wakapewa ushauri wa ulishaji na kirutubisho kidogo cha kila siku kwa mtoto kuanzia miezi sita. Matokeo ya 2019: vyoo havikupunguza udumavu. Chakula kilipunguza, kutoka 35 hadi 27 kwa 100. Kenya na Bangladesh walijaribu mambo yanayofanana, vyoo na maji navyo havikuongeza urefu. Msitoke hapa mkabomoe vyoo, kipindupindu bado kipo! Ninachosema ni kwamba ndoo ya kunawia haiwezi kusimama badala ya yai. Hata chakula chenyewe hakikumaliza kazi, 27 ni wengi bado.

Mayai yetu yako wapi? Stendi ya Makambako. Maharage kwenye gunia la mnunuzi, maparachichi yamepanda meli. Mama anatoka alfajiri kwenda kinyunguni, kwenye bustani ya bondeni, mtoto anaachiwa dada wa miaka saba na uji uliopoa. Halafu tunamwita semina ya elimu ya lishe! Anajua yai ni zuri, ndiyo maana linauzika. Hapa ningeweza kukaa saa nzima.

Ujauzito: vidonge vyenye vitamini nyingi vilijaribiwa Dar es Salaam kwa wanawake zaidi ya 8,000, matokeo yakatoka 2007, watoto wenye uzito pungufu wakapungua. Waliojaribiwa walikuwa dada zetu. Mkienda kliniki ulizeni mnapewa nini. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu: mahindi yenye ukungu msimpe mtoto, wala kuku, wala msiyapeleke pombeni. Watoto njiti nilikuwa na ukurasa mzima, nauacha, ila kifua cha mama ndiyo mashine. Utafiti wa 2021, Muhimbili wakiwemo, ulionyesha kumweka mtoto kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kwanza, kunaokoa robo ya wanaokufa.

Sawa mwenyekiti, namaliza, kaa.

Ubao uko pale mlangoni na nimekuja na binti wawili wa kunisaidia. Wenye watoto wa chini ya miaka miwili wavueni viatu na kofia. Waliosukwa rasta za juu, fumueni au msinilaumu kwa sentimita za bure. Diwani, wewe utaanza, umesimama.