Asilimia 135 ya wajawazito inatoka wapi?

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Goma na kwingineko. Leo tunaongelea kazi ya mchambuzi wa takwimu za afya ya mama na mtoto. Kaka Bahati, ripoti za mwezi za vituo zimeshaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mchambuzi anaanzia wapi?

BAHATI: Kwenye idadi ya watu, dada Neema. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984, tangu hapo tunaishi na makadirio. Wajawazito wanaotarajiwa tunawahesabu asilimia 4 ya wakazi kwa mwaka. Eneo la afya la watu 24,000 lina 960, yaani 80 kwa mwezi. Kituo kikileta CPN ya kwanza, yaani wajawazito waliokuja kliniki mara ya kwanza, 108 kwa mwezi, umepata asilimia 135.

NEEMA: Na mgeni wa kazi atadhani kituo kimevuka lengo.

BAHATI: Hapo ndipo hatari ilipo. Huku kwenye zoni za afya za Karisimbi au Nyiragongo, vita vinahamisha watu ndani ya siku chache, idadi rasmi inabaki ileile. Pengine mama wa zoni jirani anapimwa karibu na soko anakouza. Pengine aliyepoteza kadi ameandikwa upya kama wa kwanza. Usirekebishe namba ukiwa ofisini! Fungua rejista, hesabu mstari kwa mstari, linganisha na fomu, kisha soma safu ya anwani.

NEEMA: Ndiyo maana mimi naipenda hesabu ya Penta, chanjo ya watoto wachanga ya dozi tatu, haihitaji idadi ya wakazi. Penta1 ni wiki ya 6, Penta3 wiki ya 14. Toa Penta3 kwenye Penta1, gawanya kwa Penta1. Ikipita asilimia 10, watoto wanaanza bila kumaliza.

BAHATI: Ikitoka hasi, kwa mfano Penta1 ni 50 na Penta3 ni 60, ama watoto walianzia kwingine, ama karatasi ya kuhesabia imejumlishwa vibaya. Ila tazama miezi 3 au 6 pamoja, maana watoto wa mwezi mmoja si walewale.

NEEMA: Na vifo vya akina mama?

BAHATI: Hapo kuwa mkali. Kisanduku kitupu si sifuri. Piga simu kituoni. Tena, kifo cha uzazi kinahesabiwa hadi siku 42 baada ya mimba kuisha. Mama aliyekufa kwa maambukizi wiki ya tatu, akiwa wodi ya upasuaji, hayumo katika rejista ya uzazi. Pitia wodi zote za wanawake, upasuaji, wagonjwa mahututi, na daftari la chumba cha maiti. Wala usipige uwiano wa vifo kwa kila vizazi hai 100,000 kwa kituo chenye vizazi hai 40 kwa mwezi: kifo 1 kitasomeka 2,500. Kila kifo kichunguzwe chenyewe.

NEEMA: Na anayetaka kuingia katika kazi hii?

BAHATI: Wengi ni wauguzi au waliosoma afya ya jamii. Wanaanza kwa kuingiza data kwenye ofisi ya zoni, baadaye Divisheni ya Afya ya Mkoa au mashirika. Ekseli kwanza, halafu DHIS2, kisha QGIS ya ramani na R ya takwimu. Lakini asiyejua partogramu, chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, inavyojazwa hataona imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa.

NEEMA: Na matokeo yarudi kituoni.

BAHATI: Kabla ya ripoti inayofuata. Mpe muuguzi grafu moja na namba 2 za kukagua. Ukimpa 20, hatagusa hata moja.