Dekoreta ya kujaribu tena, na hela za watu

Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na nitaanzia hapohapo. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, dekoreta ni ule mstari wa @ unaoukalisha juu ya fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake. Dekoreta haiipambi fanksheni yako. Inaichukua, inaweka nyingine mahali pake, kwa jina lilelile. Ukiandika @jaribu_tena juu ya fanksheni iitwayo lipa, tangu hapo ukiita lipa unamwita mlinzi wa getini. Yeye ndiye anayeamua kama atagonga mlango, na atagonga mara ngapi.

Mara ngapi! Hapo ndipo nilipoungua. Nilikuwa na dekoreta yangu, mistari tisa: ikitokea hitilafu, subiri sekunde mbili, jaribu tena, mwisho mara tatu. Tuliiweka juu ya fanksheni ya kusoma salio, ikatulia miezi. Siku moja mwenzangu akaibandika juu ya ile ya kutuma malipo. Mstari mmoja tu, nani ataukagua? Mimi mwenyewe niliupitisha. Mtandao ukawa mzito: ombi linafika, hela inatoka, jibu linachelewa. Dekoreta ikahesabu hiyo ni hitilafu. Ikatuma tena. Na tena. Asubuhi mama mmoja mwenye duka akapiga simu, kalipwa mara tatu. Wengine hawakupiga.

Utaniambia: kosa si la dekoreta, hata ungeandika kitanzi, yaani amri ya kurudia, mle ndani ya fanksheni ungelipa mara tatu vilevile. Kweli. Lakini kitanzi ungekiona, kinakukodolea macho katikati ya fanksheni! Hiyo @ imekaa juu kama kofia, na wote tunasoma kuanzia def, mstari unaoanzisha fanksheni. Dawa yake, kila malipo yapewe namba ya kumbukumbu kabla ya kufika kwa dekoreta, na mfumo unaopokea ombi ukiiona namba mara ya pili ukatae. Kabla, nasema. Ukiitunga ndani ya lipa, kila jaribio linatoka na namba mpya, na umerudi kulekule.

Kuna wazee wanaotaka turudi enzi za kabla ya Python 2.4, kabla ya 2004, lipa = jaribu_tena(lipa) chini kabisa ya fanksheni. Shikamooni, lakini hapana. Kule chini hata sisi hatukuwa tunafika.

Naonyeshwa saa. functools.wraps, inayoiachia fanksheni jina lake la asili, wekeni ndani ya dekoreta, la sivyo kwenye logi, kumbukumbu za programu, fanksheni zote zitajitaja kwa jina moja, wrapper, jina tunalompa yule mlinzi, na Flask, ya kutengenezea tovuti, ikikuta mbili za hivyo inagoma kuwaka. Zikiwa dekoreta mbili, ya chini ndiyo inayovishwa kwanza. lru_cache, dekoreta inayokumbuka jibu la zamani, juu ya salio… hiyo nilikuwa na kisa chake, basi tena. Maswali?