Kuwapeleka watoto mikokoni maji yakikupwa

Karibuni, walezi wenzangu. Leo nipo Bagamoyo, pembeni mwa mikoko, na nyuma yangu wapo watoto kumi wa kituo chetu, wa miaka minne na mitano. Twende moja kwa moja, hawa hawatulii.

Kwanza, maji. Muulize mvuvi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, huku kwetu maji hukupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, watoto wameshakunywa uji. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka; yakigeuka, nanyi geukeni.

Pili, miguu. Ndala zinabaki matopeni, nimeshazichimbua za kutosha. Wavalishe yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, maana chaza waliojibandika kwenye mizizi wanakata kama wembe. Mlezi mmoja, watoto watano. Wahesabu kila mnaposimama.

Sasa chagua mti mmoja. Mmoja tu! Sisi tunataka kuonyesha pwani nzima, tunaishia kutaja majina ya miti huku wao wakiitikia "ndiyo mwalimu."

Huu ni mchu. Nasogeza kamera: vijiti hivi vilivyochomoza topeni ni mizizi, inatafuta hewa, maana chini ya tope hewa haipo. Usiwaambie bado, waache wavishike. Halafu pitisha kidole juu ya jani, hivi, uonje wewe kwanza. Waambie ni jani hili tu, majani mengine hatuonji. Chumvi! Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi majanini. Mvua ikinyesha usiku inaoshwa, hutapata kitu.

Mmemsikia huyo? "Mwalimu, mti unatoka jasho?" Usikimbilie kumsahihisha. Muulize jasho lake mwenyewe lina ladha gani.

Mwisho, kaa hawa wa mashimoni. Chuchumaeni mbali kidogo na mashimo, kimya, hesabuni polepole mpaka thelathini. Vijiti shimoni hapana. Yule mwenye gando moja kubwa ni dume, anapunga kama anaita daladala. Tazama watoto wanavyomwiga!

Haya, maji yamegeuka, nahesabu. Saba, nane, tisa... Wa kumi yule pale, bado kachuchumaa shimoni kwake. Mfuate taratibu, usimpigie kelele. Kaa ndiyo kwanza anachungulia.