Kanga Isiyofunguliwa

Shikamooni walimu wangu. Wanafunzi, hamjambo? Mlio nyuma sogeeni, upepo wa bahari leo unakula sauti.

Nianze na kwetu. Mnakijua kile kichekesho cha mwanamume aliyejifunga kanga, kilemba kichwani, matiti ya matambara, anamgombeza mumewe. Watu hoi. Mwishoni anaitupa kanga, suruali hiyo, na makofi yanazidi. Kwa nini yazidi hapo? Mimi nasema ni makofi ya kushusha pumzi. Kumbe ni fulani, dume zima. Haya, tukalale.

Sasa, filamu ya leo: The Rocky Horror Picture Show, ya 1975, iliyoongozwa na Jim Sharman kutoka mchezo wa jukwaani wa Richard O'Brien, ulioanza London 1973. Hadithi naipita mbio, ni vurugu tupu: wachumba wawili wanaharibikiwa na gari usiku wa mvua, wanakwenda kuomba simu kwenye kasri. Mwenyeji ni Frank-N-Furter, daktari aliyevaa koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, na soksi ndefu za kike, ambaye anatengeneza mtu maabara. Tim Curry anamcheza kwa madaha ambayo, wazee mnisamehe, hata mwali siku ya kutolewa hana.

Mwisho wake ndio ulionileta. Frank kawavisha wageni koseti kama yake, wameimba, wamejitosa bwawani. Ghafla watumishi wake, Riff Raff na Magenta, wanaingia: utawala wako umekwisha. Kumbe wote watatu ni wa sayari nyingine. Frank anaomba aimbe. Anaimba kuhusu kurudi nyumbani, wanja umemchuruzika mashavuni, na machoni pake viti vimejaa watu wanampigia makofi. Kisha tunaoneshwa viti vyenyewe. Vitupu.

Huyu ni muuaji, tusimsafishe. Lakini tumemcheka muda wote huo, na sasa tunagundua alichokitaka ni ukumbi uliojaa tu. Nani kati yenu hajawahi kucheza mbele ya viti vitupu siku ya mvua? Naona mnatazamana.

Anauawa kwa mwali wa bastola ya ajabu. Na mwandishi hatuachi tulie! Rocky, yule mtu wa maabara, anambeba maiti mgongoni, anaparamia mnara wa mapambo kama sokwe wa sinema za zamani, wanaporomoka bwawani wote wawili. Upuuzi mtupu, machozi bado mabichi. Kasri linapaa. Wachumba wanabaki wakitambaa ndani ya moshi, na msimulizi anatufananisha wanadamu na wadudu juu ya uso wa dunia.

Tazameni nguo sasa. Frank kafa na wanja wake. Mchumba wetu, kijana wa heshima zake, ndiye aliyeachwa kwenye vumbi na koseti mwilini. Kanga haikufunguliwa, na hapana wa kutuambia tukalale.

Ilipotoka, filamu hii haikupata watazamaji wengi. Mwaka 1976 sinema moja ya New York ikaanza kuionesha saa sita usiku, na taratibu watu wakawa wanakuja wamevaa kama Frank, wanamjibu kwenye skrini, wanarusha mchele filamu inapofika penye harusi. Viti vile vikajaa.

Zimeni taa, tuzione dakika za mwisho. Wewe wa mlangoni, funga, popo wanaingia.