Mwizi wa Saa Kumi Alfajiri

KHERI: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Leo tulikuwa tumepanga mambo matatu: jinsi jani linavyonasa mwanga wa jua, jinsi seli inavyoivunja sukari, na jinsi msuli unavyoitumia nishati inayopatikana. Karatasi ya mpango ninayo mkononi. Lakini kabla sijawasha kinasa sauti, Mwalimu amenisimulia yaliyomkuta usiku wa kuamkia Jumatano, nami nimemsihi ayasimulie upya, kwa sababu siwezi kuyabeba peke yangu.

MWANAIDI: Yangekuwa siri, Fundi, lakini najua ungeyatoa wiki ijayo yakiwa na chumvi. Jumanne usiku nilikanda unga wa maandazi, kilo mbili, kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, nikinuia kuulaza kwenye jokofu ili uumuke polepole hadi asubuhi. Saa tatu umeme ukakatika. Nikauacha mezani ndani ya sufuria, nikaufunika, na kwa kuwa namfahamu paka wetu, juu ya mfuniko nikaweka kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Mnalijua joto la Tanga la mwezi huu. Saa kumi alfajiri tukasikia kishindo jikoni. Baba watoto akatoka na fagio mkononi, akasimama ukumbini, akamwamuru mwizi ajitaje.

KHERI: Akajitaja?

MWANAIDI: Mwizi hakusema neno. Tulipomulika tulikuta mfuniko uko sakafuni, kinu kimeviringika hadi chini ya kabati, na unga umepanda juu ya ukingo wa sufuria, umejimwaga mezani na bado unatoa mapovu. Jiko zima linanuka kama kilabu cha pombe.

KHERI: Basi kuanzia sasa hamira katika kipindi hiki inaitwa mwizi, na anayepinga atuandikie. Sasa nieleze. Seli moja ya hamira ina upana wa takriban mikromita 5, maana yake ni kwamba ukizipanga 200 kwa mstari ndipo zinapojaza milimita 1. Kiumbe wa namna hiyo amewezaje kuinua kinu?

MWANAIDI: Hakukiinua kwa mkono, wala hakuwa peke yake, kwani kijiko kimoja cha hamira kina mabilioni ya seli. Kila seli inaingiza sukari ndani, na molekuli moja ya glukosi, sukari ya namna rahisi, inapitishwa kwenye hatua kumi, kila hatua na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha kazi hiyo, mpaka inakuwa vipande viwili vinavyoitwa piruveti. Katika safari hiyo seli inabaki na faida ya molekuli 2 za ATP, ambayo ni kama sarafu ya nishati ya seli. Pasipo oksijeni, piruveti inageuzwa kuwa alkoholi, na kwa kila glukosi zinatoka molekuli 2 za kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo iliyonaswa na mnato wa unga wa ngano, ukavimba kama puto, ukasukuma mfuniko. Alkoholi ndiyo ile harufu.

KHERI: Hapo ndipo roho yangu ya ufundi inapokereka. Glukosi hiyo hiyo ikichomwa kikamilifu kwa oksijeni ndani ya mitokondria, vile vijumba vidogo vya kuzalisha nishati vilivyomo ndani ya seli, inaipa seli ATP zipatazo 30. Vitabu tulivyosomea sisi viliandika 36 au 38, kwa sababu hesabu ile haikutoa gharama za kusafirisha vitu kupita kwenye utando wa mitokondria wala uvujaji wa protoni, chembe zenye chaji ambazo tutazifikia. Hata ukichukua 30, huyu mwizi anapata 2 na kuitupa alkoholi, ambayo bado ingeweza kuchomwa. Ningekuwa na mteja anayefunga mitambo namna hiyo, ningemkatia umeme mwenyewe.

MWANAIDI: Umesahau kwamba mwizi hali kwa adabu. Anayejua kwamba mwenye nyumba anaweza kuamka wakati wowote hula haraka, hata akimwaga. Njia ile fupi inatoa kidogo kwa kila glukosi, lakini ni ya kasi sana, na sukari ilikuwa tele. Tena jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba hamira hii ya mikate, ikikuta sukari nyingi, huchachusha hata oksijeni ikiwepo. Sukari ikiisha na hewa ikipatikana, hurudi kuila ile alkoholi iliyoitoa, safari hii kwa kupumua.

KHERI: Kumbe anaiba, anaficha, halafu anarudi kuchukua alichoficha.

MWANAIDI: Na alkoholi ile huwadhoofisha bakteria wengi ambao wangegombania naye chakula, kwa hiyo amefunga na mlango.

KHERI: Huyu si mwizi wa mara ya kwanza. Ngoja nitoboe jambo moja kabla hatujafika kwenye mitokondria, maana ndani ya karatasi hii halimo. Je, ni lazima mwizi awe hai ndipo wizi utokee?

MWANAIDI: Swali hilo liliwagombanisha watu wakubwa. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alishikilia kwamba kuchachuka ni kazi ya seli hai, na seli ikifa kazi imekwisha. Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alichapisha matokeo ya jambo ambalo mpishi yeyote angelielewa. Aliisaga hamira kwa mchanga na udongo laini mpaka seli zikapasuka, akaikamua kwa mashine, akapata maji yasiyokuwa na seli hai hata moja. Maji yale yalikuwa yanaharibika upesi, basi akatia sukari nyingi ili yasioze, kama tunavyofanya kwa jamu. Badala ya kutulia, maji yakaanza kutoa mapovu.

KHERI: Mwizi amekufa na bado anaiba!

MWANAIDI: Mikono yake ilikuwa inaiba. Mikono hiyo ndiyo vimeng'enya, na kwa ugunduzi huo Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907. Mimi huiona siku ile kuwa ndiyo siku ambayo uhai ulianza kuchunguzwa kipande kwa kipande juu ya meza ya maabara. Haya, turudi kwenye mpango. ATP, adenosini trifosfeti, ni molekuli yenye mkia wa fosfeti tatu. Ninavyowafundisha kidato cha pili ni kwamba nishati ya chakula huhifadhiwa ndani ya ATP, katika kiungo kinachoifunga fosfeti ya mwisho, na kiungo hicho kikivunjwa nishati hutoka na kufanya kazi.

KHERI: Hapo nakuomba usimame, dada yangu, kwa heshima zote.

MWANAIDI: Nilijua utanisimamisha.

KHERI: Kuvunja kiungo cha kemikali kunagharimu nishati, hakuna kiungo duniani kinachotoa nishati kwa kule kuvunjika kwenyewe. Nishati inapatikana kwa sababu viungo vipya vinavyoundwa, pamoja na namna maji yanavyozipokea zile fosfeti, vinaishia kwenye hali iliyotulia zaidi. Na hata hiyo haitoshi. Seli hai inashikilia ATP kwa wingi unaozidi mara mamilioni mengi ule ambao ungekuwepo kama mchanganyiko ungeachwa ufikie msawazo wake, yaani hali ambayo kwa jumla hakuna tena kinachobadilika. Chukua ATP ileile, yenye mkia uleule na viungo vilevile, uiweke mahali ambapo msawazo umekwisha kufikiwa, na haitafanya kazi yoyote. Basi nishati ilikuwa wapi? Haikuwa ndani ya kiungo. Ilikuwa katika umbali uliopo kati ya hali ya seli na msawazo.

MWANAIDI: Umbali huo utamwonyesha wapi mtoto wa miaka kumi na mitano?

KHERI: Jikoni kwako. Kinu kilipokuwa juu ya mfuniko, nishati ya kile kishindo haikuwa ndani ya jiwe. Ilikuwepo kwa sababu chini kulikuwa na sakafu. Ungekiweka kinu hichohicho sakafuni tangu jioni, mwizi angepita kimya na baba watoto angelala.

MWANAIDI: Mfano ni mzuri, nakiri mfano, lakini sikiri hoja. Kila mtu anayekiona kinu juu ya rafu husema kwamba kinu kina nishati, na wewe mwenyewe unasema betri ina chaji, tangi la juu ya nyumba lina presha. Lugha inaweka kitu ndani ya kitu ili akili ipate pa kushika. Fritz Lipmann, mwanakemia aliyeshinda Nobel mwaka 1953 pamoja na Hans Krebs, ndiye aliyeandika mwaka 1941 kuhusu kiungo cha fosfeti chenye nishati nyingi, na akakichorea mstari wa mawimbi ili kionekane. Hakuwa mtoto wa kidato cha pili.

KHERI: Lipmann alijua alichokuwa akikifupisha. Mwanafunzi wako hajui kwamba amepewa ufupisho. Anadhani amepewa ukweli. Akifika chuo kikuu anaambiwa afute, na wengine hawafuti. Nimekutana na mafundi wenye vyeti wanaoamini kwamba umeme umejaa ndani ya waya kama maji ndani ya mpira, na mmoja wao alitaka kuuziba ncha usimwagike.

MWANAIDI: Na mimi nimekutana na wanafunzi walioanzishiwa kwenye msawazo, wakatoka darasani wakiwa hawajui hata kama ATP ni kitu au ni hesabu. Ngazi ya kwanza haiwi ya uongo kwa sababu tu si ya mwisho.

KHERI: Inakuwa ya uongo ikiwa inaelekea upande ambao ghorofa haipo.

MWANAIDI: Basi hapo hatupatani.

KHERI: Hatupatani. Tuendelee, maana saa inakwenda. Niruhusu angalau mitokondria, kwa sababu ni umeme mtupu.

MWANAIDI: Una dakika tatu.

KHERI: Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alipendekeza jambo ambalo wanakemia wengi walilikataa kwa miaka. Wao walikuwa wakiitafuta kemikali ya katikati inayobeba nishati kutoka kwenye chakula hadi kwenye ATP, wala hawakuipata. Mitchell akasema hakuna kemikali hiyo, kuna utando. Elektroni zinazotoka kwenye chakula hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka zinaifikia oksijeni, na kila zikishuka, protoni husukumwa upande wa pili wa utando wa ndani wa mitokondria. Zinapolundikana huko, tofauti ya umeme kati ya pande mbili hufikia kama milivolti 150. Msikilizaji atasema hiyo ni ndogo hata kwa betri ya saa. Lakini utando ule una unene wa nanomita 5 hivi. Gawanyeni wenyewe: ni volti milioni 30 kwa mita moja. Mimi nimefanya kazi chini ya nyaya za msongo mkubwa, na namba hiyo ilinifanya niweke kitabu chini.

MWANAIDI: Na protoni zinarudi vipi?

KHERI: Zinarudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama gurudumu la kinu cha maji. Kila mzunguko mmoja wa kichwa chake unatengeneza ATP 3. Watafiti wa Japani mwaka 1997 walikibandika kichwa hicho kwenye kioo, wakaunganisha uzi wa protini unaong'aa kwenye mhimili wake, wakakilisha ATP ili kiende kinyume, na wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini. Mwaka huohuo Paul Boyer na John Walker walipata Nobel kwa kueleza jinsi kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi. Mitchell alikuwa amekwisha kupata yake mwaka 1978.

MWANAIDI: Uzuri wa jambo hilo ni kwamba mwilini mwako muda huu hakuna hata robo kilo ya ATP, lakini kila molekuli inatumika na kutengenezwa upya mara mamia kwa siku, hata jumla yake inakaribia uzito wako mwenyewe. Sasa nijibu: ikiwa gurudumu linazungushwa na protoni zilizolundikana, je, hukusema hivi punde kwamba nishati imehifadhiwa kwenye utando?

KHERI: Nimesema tofauti ya umeme ipo kati ya pande mbili. Sikusema ndani ya kitu. Mwalimu, usinitegee.

MWANAIDI: Sijategea, nimeuliza tu. Zimebaki dakika mbili. Jani hatulifikii.

KHERI: Msuli nao hatuufikii. Mpango huu naukunja. Wasikilizaji, jani linadaiwa, msuli unadaiwa, na kwa jinsi ninavyotufahamu madeni haya yana umri. Lakini dada, kwa nini maandazi uliyoniletea ni meupe namna hii? Yameiva vizuri kabisa, ila rangi hayana.

MWANAIDI: Niliuokoa unga uliobaki ndani ya sufuria, nikaukaanga asubuhi ileile. Rangi ya andazi inategemea sukari iliyosalia kwenye unga ikutane na protini na mafuta ya moto. Unga uliolala muda mrefu sana kwenye joto umeliwa sukari yake, kwa hiyo unaweza kuukaanga mpaka ukauke na bado usipate wekundu.

KHERI: Kumbe mwizi aliondoka na kitu.

MWANAIDI: Aliondoka na vikombe viwili vya sukari, pamoja na nishati yote iliyokuwa ndani yake.

KHERI: Haikuwa ndani yake. Ilikuwa kati ya sukari na oksijeni ya...

MWANAIDI: Zima kinasa sauti, Fundi, chai inapoa.