Maabara Iliyo Mezani: Kusomea Teknolojia ya Uhandisi wa Elektroniki Mtandaoni

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie shahada ya kwanza ya teknolojia ya uhandisi wa elektroniki inayosomwa mtandaoni, na kwa kuwa muda tuliopewa ni mfupi, sehemu kubwa nitaitumia kwa jambo moja, nalo ni maabara. Hisabati, nadharia ya saketi, mifumo ya dijitali na uandishi wa programu ni masomo yanayofundishika vizuri kupitia skrini. Pengine vizuri kuliko darasani, maana mhadhara uliorekodiwa husimamishwa na kurudiwa mara kumi pale mwanafunzi anapokwama kwenye namba changamano. Lakini fani hii imesimama juu ya kupima, na kupima hakujifunzwi kwa kutazama.

Kabla sijafika huko, nitenganishe majina mawili ambayo waombaji wengi huyachanganya. Shahada ya uhandisi wa elektroniki huelekea zaidi kwenye nadharia na usanifu wa mifumo mipya, ilhali shahada ya teknolojia ya uhandisi huelekea kwenye matumizi, yaani kujenga, kupima, kutafuta hitilafu na kuboresha mfumo uliopo. Nchini Marekani shirika la ithibati la ABET huzikagua kwa tume mbili tofauti, na kimataifa, katika mikataba ya nchi kutambuliana shahada, Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 unahusu shahada za uhandisi, wakati Mkataba wa Sydney wa mwaka 2001 unahusu zile za teknolojia ya uhandisi. Tofauti hiyo huonekana kuwa ya makaratasi tu hadi siku mhitimu anapoomba leseni ya uhandisi, kwani katika baadhi ya majimbo ya Marekani mwenye shahada ya teknolojia hudaiwa miaka mingi zaidi ya uzoefu kuliko mwenzake. Anayelenga leseni hiyo asome masharti ya mahali anapokusudia kufanya kazi kabla hajajisajili.

Sasa nirudi kwenye maabara. Programu nyingi za kuiga saketi ambazo wanafunzi hutumia leo zina asili yake katika SPICE, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni zana bora, nami nahimiza kila mwanafunzi aizoee mapema. Hata hivyo, hebu tuchukue saketi ndogo kuliko zote: rezista mbili za megaomu moja kila moja, zimeunganishwa mfululizo kwenye chanzo cha volti 10, na tunataka volteji iliyo kwenye rezista ya chini. Kwa karatasi jibu ni volti 5. Kwa programu ya kuigia jibu ni volti 5. Mwanafunzi aliyejenga saketi hiyo mezani kwake, akapima kwa multimita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10, atasoma takriban volti 4.76. Akibadilisha, akatumia oskiloskopu, yaani chombo kinachochora volteji kwenye skrini, yenye ukinzani wa megaomu moja na kipimio kisichopunguza volteji, atasoma volti 3.33.

Wengi wanapofika hapo hudhani wameharibu kitu. Hubadilisha rezista, hukagua nyaya, huanza upya, na baadhi yao, kwa uchovu wa usiku baada ya kazi, huandika volti 5 kwenye ripoti kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema. Nasema kwa uchungu kwamba mwanafunzi huyo amelitupa somo lenyewe. Chombo cha kupimia nacho kimekuwa sehemu ya saketi: kimekaa sambamba na rezista ya chini, kikapunguza ukinzani wake, na volteji ikashuka. Atakayekaa na tofauti hiyo hadi aieleze kwa hesabu zake mwenyewe ameanza kuwa fundi wa kiwango cha shahada, na programu ya kuigia haiwezi kumpa tofauti hiyo mpaka yeye mwenyewe ajue kuingiza ukinzani wa chombo ndani ya mchoro.

Hali ni hiyo hiyo kwenye vikuzaji. Chipu ya 741, ambayo bado hutumika sana kufundishia, hubadilisha volteji yake ya kutokea kwa kasi ya takriban nusu volti kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukiidai wimbi la sine lenye kilele cha volti 10 kwa masafa ya kilohezi 20, itakupa umbo la pembetatu. Kikuzaji kamilifu cha kwenye skrini kitachora sine safi bila kusita.

Kwa hiyo meza ya mwanafunzi wa mtandaoni iwe na ubao wa majaribio wenye matundu, multimita, oskiloskopu ndogo inayounganishwa na kompyuta, chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo, na kifaa cha kulehemia mahali penye hewa ya kutosha. Jambo moja nalisisitiza bila kulegea: anayefanya kazi peke yake chumbani abaki kwenye volteji ndogo ya mkondo mnyoofu, na asiguse umeme wa ukutani kwa ajili ya jaribio, kwa kuwa hakuna msimamizi wa maabara atakayekata swichi.

Upweke huo una athari nyingine. Darasani, jirani hukuonyesha kwamba umegeuza kapasita ya elektroliti, yenye upande chanya na hasi. Nyumbani unaweza kupoteza jioni nzima. Nimeona kinachosaidia ni kuweka daftari la maabara, kupiga picha ya saketi kabla ya kuiwasha, na kumtumia mwenzako picha hiyo pamoja na vipimo, si swali tupu la kwa nini haifanyi kazi.

Nanyi mnaochagua chuo, pamoja na ithibati na ada, ulizeni maabara inasahihishwaje. Ombeni kuona ripoti moja ya mwanafunzi isiyo na jina, kisha mtafute humo vipimo ambavyo havikulingana na hesabu, na msome mhadhiri aliandika nini pembeni yake.