Wastani Haumwamshi Mtoto

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Uongozi wa mtaa umenialika hapa Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, nizungumzie madhara ya uwanja wa ndege. Nitakaa zaidi kwenye usingizi, maana hapo ndipo tunapopunjwa kwenye hesabu.

Njia kuu ya kurukia ya Uwanja wa Julius Nyerere inaitwa 05/23. Namba hizo ni za dira, ila sifuri ya mwisho imeachwa: nyuzi 50 upande mmoja, 230 upande wa pili. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Kwa hiyo kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki wa miezi kama Januari, ikivuma, zinazoruka zinakuja huku kwetu na Vingunguti, zinazotua zinapita juu ya Kipunguni. Mama aliyeniambia mlangoni kwamba "Januari ndiyo mbaya" hakuwa anakisia.

Sasa hesabu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za ndege usiku zisizidi desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), zikipimwa nje ya nyumba. Lakini 40 hiyo ni wastani. Chukueni ndege moja inayopita saa tisa usiku kwa desibeli 70, sekunde 20 tu. Sambazeni kelele hiyo kwenye saa 8 za kulala: mnapata wastani wa kama 38. Tumefaulu mtihani! Na mtoto ameshaamka, analia. Zikipita mbili, wastani ni kama 41. Mjue pia kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi; kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imepanda mara 10.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Ulaya mtu hujikinga kwa kufunga dirisha la vioo viwili. Hapa, kwa joto hili la Dar, nani atafunga dirisha? Tunalala na nyavu, juu bati. Sauti inaingia bila hodi. Ndiyo maana nasema kipimo cha kuazima, bila kuangalia nyumba zetu, hakitoshi.

Kuhusu watoto, kuna jambo la Munich, Ujerumani. Mwaka 1992 uwanja wa zamani ulifungwa, mpya ukafunguliwa kwingine. Watafiti waliwapima watoto wa pande zote mbili, kabla na baada. Waliohamiwa na ndege walishuka katika kusoma na kukumbuka. Walioondokewa nazo wakapanda. Walimu mliopo mnaelewa: ukinyamaza kila ndege inapopita, somo linakatika na uzi unapotea.

Moshi nitaupitia haraka. Injini za ndege hutoa chembechembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Utafiti wa Los Angeles wa 2014 ulizikuta zimeongezeka hadi kilomita 16 upepo unakoelekea. Ila tuwe wakweli: masizi mnayofuta kwenye nguo zilizoanikwa yanaweza kuwa ya malori ya Barabara ya Nyerere, au jiko la mkaa la jirani. Tukiibebesha ndege kila doa, siku ya kwenda ofisini tutachekwa.

Kijana mmoja kauliza kwa nini ndege za usiku zisipigwe marufuku. Uwanja wa Frankfurt, Ujerumani, wamezizuia tangu 2011, kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mimi nisingeanzia hapo. Ndege kadhaa za masafa marefu zinatua kwetu usiku kwa kufuata ratiba za huko zinakotoka, na kuna ndugu zetu wanaokula kwa kazi za uwanjani. Ningeanza kwa kudai idadi: ndege ngapi kila usiku, saa ngapi, sauti ya kila moja. Tangu 2015 tunazo kanuni za viwango vya kelele, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayozisimamia. Twende kwao tukiwa na kitu mkononi.

Nimeleta daftari 12, yako kwa mjumbe. Andikeni tarehe, saa, ilikuwa inaruka au inatua, na nani nyumbani aliamka. Kalamu kila mtu aje na yake.